Kompyuta ya Ubuntu imegoma kuwaka baada ya umeme kukatika: je, kazi zangu zimepotea?

*“Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama mwenye steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma mjini. Natumia kompyuta ya mezani ya mtumba aina ya Dell, na mpwa wangu ndiye aliyeniwekea Ubuntu kabla hajaenda chuo. Wiki iliyopita umeme ulikatika nikiwa nachapa mtihani wa walimu, ukarudi, ukakatika tena kabla kompyuta haijamaliza kuwaka. Tangu hapo nikiwasha inaleta skrini nyeusi yenye maandishi. Kuna mstari unasema /dev/sda2: UNEXPECTED INCONSISTENCY, RUN fsck MANUALLY, halafu chini kabisa inaandika initramfs na kusubiri. Fundi alichomoa diski akaichomeka kwenye kompyuta yake, akasema diski haina kitu, Linux imeshakufa, dawa ni kufomati na kupiga Windows. Mle ndani kuna kazi za wateja za miaka minne, hesabu za kikoba chetu na ripoti za wanafunzi. Saa ya kompyuta nayo ni mbovu siku nyingi, inarudi mwaka 2013 na lazima nibonyeze F1 ndipo iendelee. Je, mafaili yangu yamekwenda? Na ni kweli kwamba Linux haiwezi umeme wetu huu?”*

Dada yangu, pole. Nianze na hilo linalokunyima usingizi: kwa maelezo uliyotoa, kuna uwezekano mkubwa sana kwamba mafaili yako yapo. Kompyuta yenyewe sijaiona, kwa hiyo siwezi kuapa, lakini ujumbe ulioninakilia hautoki kwenye diski tupu. Unatoka kwenye mfumo ulioikuta diski, ukaitambua, ukaanza kuikagua, ukafika mahali ukasema: hapa kuna mambo hayalingani, sithubutu kuyarekebisha bila mwenye mali kuniruhusu. Kwa sasa omba jambo moja tu kwa fundi: asifomati.

Sasa kwa nini yeye aliona diski haina kitu? Simlaumu, maana alichokiona ni kweli. Tatizo ni alivyokitafsiri. Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, huhifadhi mafaili kwa mpangilio unaoitwa ext4, uliomo rasmi ndani ya Linux tangu mwaka 2008. Windows haiujui mpangilio huo. Ukichomeka diski ya ext4 kwenye kompyuta ya Windows, inakwambia kwamba diski lazima ifomatiwe ndipo itumike, na inakuwekea kitufe hapo hapo cha kukubali. Mtu ambaye maisha yake yote ametengeneza Windows akiona hivyo anaamini diski imeharibika. Nimeshaona diski nzima kabisa, zenye kazi za watu, zikifutwa kwa kubonyeza kitufe hicho kimoja kwa nia njema.

Kwa hiyo kabla hujaendelea, thibitisha hili: baada ya fundi kurudisha diski mahali pake, je, ukiwasha bado unaona ujumbe uleule? Kama ndiyo, hakufomati, na yote nitakayoeleza hapa chini yanakuhusu. Kama sasa inaandika kwamba hakuna mfumo wowote wa kuwasha, au inabaki kwenye maandishi ya grub rescue, basi kuna kitu kilibadilika mikononi mwake. Usiendelee peke yako. Ruka mpaka pale nitakapozungumzia lini utafute mtu.

Nieleze kidogo kompyuta inavyowaka, kwa sababu ukijua imekwama ngazi ipi nusu ya hofu itakuisha. Ukibonyeza kitufe, kwanza huamka programu ndogo iliyomo ndani ya madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, ile wengi wanayoiita BIOS. Hiyo hukagua kibodi, RAM (kumbukumbu ya muda) na diski, kisha hukabidhi kazi kwa GRUB, ambayo kazi yake ni kutafuta Linux iko wapi. GRUB hupakia vitu viwili kwenye RAM: kerneli, yaani moyo wenyewe wa Linux, na kifurushi kidogo kiitwacho initramfs. Kifurushi hicho ni mfumo mdogo wa muda wenye zana chache za lazima. Kazi yake kubwa ni moja: kuikagua na kuifungua patisheni kubwa, yaani ile sehemu ya diski ambamo Ubuntu kamili na mafaili yako vimo, kisha kujiondoa. Baada ya hapo ndipo huduma nyingine huamka na mwishowe unaona sehemu ya kuandika nenosiri.

Wewe umekwama kwenye initramfs. Maana yake madabodi ni nzima, RAM inafanya kazi, GRUB ipo, kerneli imepakiwa, na diski inaonekana mpaka imetajwa kwa jina, sda2. Kilichogoma ni hatua moja tu, ile ya kuifungua patisheni kubwa. Watu husema Linux imekufa. Haijafa, imesimama mlangoni kwa makusudi, kwa sababu ingeingia na kuanza kuandika juu ya hesabu zisizolingana ingeharibu zaidi.

Hizo hesabu zinaharibikaje? Unapohifadhi kazi, herufi haziendi kwenye diski papo hapo. Zinakaa kwanza kwenye RAM kwa sekunde kadhaa, kisha zinaandikwa kwa mkupuo. Na kuandika faili moja si tendo moja: kuna kuandika maudhui yenyewe, kuna kuandika jina kwenye folda, kuna kuandika kwamba nafasi fulani sasa imeshikwa. Umeme ukikatika katikati, jina linaweza kuwepo bila maudhui, au nafasi moja ikadaiwa na mafaili mawili. Ndiyo maana ext4 ina kitu kama daftari lako la kikoba: kabla ya kugusa fedha, unaandika kwanza kwamba nataka kumpa fulani kiasi fulani. Ukikatishwa, unaporudi unasoma daftari. Lililoandikwa kikamilifu unalimalizia, lililoandikwa nusu unalifuta. Kwa kawaida umeme ukikatika, Ubuntu inasoma daftari hilo yenyewe ndani ya sekunde chache na wala hujui kwamba kulikuwa na jambo.

Kwako daftari halikutosha, na hapo ndipo ninapotega sikio. Kukatika mara mbili peke yake hakupaswi kuushinda utaratibu huo, kwa sababu umetengenezwa uweze kurudiwa. Ukishindwa, kwa kawaida ni moja kati ya haya. Ama diski iliuambia mfumo kwamba imeshaandika ilhali data bado zilikuwa kwenye kumbukumbu yake ya muda, jambo ambalo diski nyingi za zamani hulifanya ili zionekane zina kasi. Ama umeme uliporudi ulikuwa unapanda na kushuka, diski ikaandika vibaya. Ama diski yenyewe imeanza kuchoka na ina sehemu zisizosomeka. La tatu ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa kompyuta ni ya mtumba na diski yake huenda ilishafanya kazi miaka mingi ofisini kwa watu huko Ulaya kabla ya kupanda meli kuja huku.

Kwa hiyo kuna njia mbili mbele yako, na nitakueleza zote kwa ukweli wake.

Ya kwanza ni ya haraka. Pale penye initramfs unaandika amri hii, ukitumia jina lilelile lililo kwenye skrini yako, kisha unabonyeza Enter:

fsck -y /dev/sda2

Programu ya fsck ndiyo mkaguzi. Herufi ya y inamaanisha unakubali kila marekebisho itakayopendekeza, maana bila hiyo itakuuliza swali kwa swali, pengine mamia, na hakuna binadamu anayejua jibu la kila moja. Itapita hatua tano, itaandika mistari mingi ya kutisha, na mwishoni itasema kwamba mfumo wa mafaili umebadilishwa. Ukiona hivyo, irudie amri mara moja zaidi. Safari hii ikimaliza bila kulalamika, andika exit, na Ubuntu inaendelea kuwaka kama kawaida. Kompyuta nyingi zilizokwama mahali ulipokwama hupona kwa amri hiyo moja. Isikushangaze ikichukua dakika mbili, wala ikichukua saa nzima kwenye diski kubwa. Jambo la kuogopa ni umeme kukatika tena katikati, kwa hiyo azima UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba, au fanya kazi hiyo muda ambao mtaa wenu kwa kawaida umeme hutulia.

Shida ya njia hii ni kwamba fsck haisomi tu, inaandika. Lengo lake ni kuufanya mfumo wa mafaili ulingane, si kuokoa kila hati. Ikikuta faili lisilojulikana ni la nani, inaweza kulihamishia kwenye folda iitwayo lost+found bila jina lake, likiwa na namba tu. Ikikuta vipande visivyoeleweka, inavifuta. Kwenye diski nzima hasara huwa ndogo, mara nyingi ni ile hati iliyokuwa wazi tu. Kwenye diski inayokufa, kazi hiyo ya kupekua kila kona inaweza kuimaliza kabisa, na inaweza kufuta vitu vizima kwa sababu tu haikuweza kuvisoma.

Njia ya pili ni kutoa nakala kwanza, kisha ndipo utengeneze. Ni ndefu zaidi, na ndiyo ninayokushauri wewe. Ungekuwa na nakala mahali pengine ningekwambia andika amri ile leo hii usiku. Lakini una miaka minne ya kazi na hesabu za fedha za watu kwenye diski moja ya mtumba. Hesabu za kikoba peke yake zinatosha kukuvumilisha siku mbili.

Unahitaji flashi ya GB 8 au zaidi ambayo haina kitu unachokihitaji, kwa sababu itafutwa, na diski ya nje au flashi nyingine kubwa ya kupokea mafaili yako. Kwenye kompyuta yoyote inayofanya kazi, hata ya Windows ya huyo huyo fundi, unapakua faili la Linux na kuliandika kwenye flashi kwa programu kama Rufus au Ventoy. Toleo la Ubuntu la 24.04 ni karibu GB 6, bando litakulilia. Linux Mint, aina nyingine ya Linux, toleo lake jepesi la Xfce, ni takriban nusu ya hapo na kwa kazi ya kuokoa mafaili inatosha kabisa. Ukiwa na mwalimu wa TEHAMA unayemfahamu, muulize kwanza. Watu wa namna hiyo mara nyingi wana flashi kama hiyo droo­ni tayari.

Chomeka flashi kwenye kompyuta yako iliyozimwa, washa, na gonga F12 mfululizo, maana ndiyo inayofungua orodha ya kuchagua cha kuwasha kwenye Dell. Chagua flashi. Ikiwaka, Ubuntu itakupa kujaribu au kusakinisha (Mint huingia yenyewe moja kwa moja kwenye kujaribu). Chagua kujaribu. Kusakinisha usikuguse. Sasa una Linux nzima inayoendeshwa kutoka kwenye flashi, na diski yako iko pale kama kabati tu, haijaandikwa kitu.

Kabla hujafungua kabati, angalia afya yake. Ndani ya menyu kuna programu iitwayo Disks. Ifungue, bonyeza diski yako upande wa kushoto, halafu kwenye menyu ya juu chagua SMART Data. Diski nyingi hujitunzia kumbukumbu ya magonjwa yake. Tazama mistari mitatu: namba 5, ya sehemu zilizokufa na kubadilishwa, namba 197, ya sehemu zinazosubiri kuhukumiwa, na namba 198, ya zile zilizoshindikana. Zote zikiwa sifuri, pumua. Namba 197 au 198 zikiwa na chochote zaidi ya sifuri, ichukulie diski hiyo kama mgonjwa wa kitandani: toa mafaili muhimu kwanza, hesabu za kikoba kabla ya picha za harusi, wala usiifanyie fsck hata kidogo kabla nakala haijakamilika.

Sasa kunakili. Ukibonyeza tu ikoni ya diski, mfumo utajaribu kuifungua na utaanza kwa kumalizia lile daftari, yaani utaandika. Mimi hupendelea kuifungua kwa kusoma pekee. Fungua programu ya Terminal na uandike:

sudo mount -o ro,noload /dev/sda2 /mnt

Neno sudo hukupa ruhusa ya msimamizi, herufi ro ni kusoma tu, na noload ni kuliacha daftari kama lilivyo. Ikikubali, kazi zako ziko ndani ya /mnt/home, kwenye folda yenye jina ambalo mpwa wako alilitumia. Chomeka diski ya nje, ifungue ili ionekane, kisha nakili folda nzima kwa amri ya sudo cp -r, ukitaja mahali pa kutoka na mahali pa kwenda. Nasema utumie sudo kwa sababu Ubuntu za karibuni zinafunga folda ya mtumiaji. Ukijaribu kuburuta kwa kipanya utaambiwa huna ruhusa na utadhani mambo yameharibika. Baada ya hapo usiridhike na majina. Fungua hati kumi za aina mbalimbali kutoka kwenye nakala, hasa faili la kikoba, uone kama zinafunguka kweli. Hati uliyokuwa unachapa umeme ulipokatika huenda ikakosa kurasa za mwisho. Hiyo ikubali tu.

Kama patisheni ikikataa kufunguka kwa namna hiyo, acha hapo. Bado si mwisho, lakini zana zinazofuata zinahitaji mkono uliozoea.

Nakala ikishakuwa salama na ukaikagua, zima, ondoa flashi, washa, na sasa andika ile fsck bila woga. Ikipona na kuwaka, vizuri. Ikiwaka nusunusu, programu hazifunguki au inakurudisha kwenye nenosiri kila ukiingia, usipoteze siku tatu kuibembeleza. Marekebisho yanaweza kuwa yameondoa mafaili ya mfumo wenyewe, na kusakinisha Ubuntu upya kwa flashi ileile ni kazi ya chini ya saa moja. Kufomati si dhambi, dada. Kufomati kabla ya nakala ndiko kunakoumiza.

Kuna hali inayofanana na yako inayowachanganya wengi, niitaje kwa kifupi. Ukiweka nenosiri sahihi kisha skrini inapepesa na kukurudisha palepale, mara nyingi diski imejaa tu. Hapo bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, ingia kwa jina na nenosiri, andika df -h uone kama kuna penye asilimia 100, na uanze kwa sudo apt clean.

Nirudi kwenye ile saa, uliyoitaja mwishoni kama jambo dogo. Saa inayorudi mwaka 2013 na kulazimisha F1 ni betri ya madabodi iliyokwisha. Ni kidonge cha duara kinachoandikwa CR2032, kinapatikana kwenye maduka ya saa na ya vifaa vya umeme, na kukibadilisha ni dakika tano kompyuta ikiwa imechomolewa ukutani. Usikidharau. Mkaguzi wa diski hulinganisha tarehe. Akikuta diski ilifunguliwa mwaka huu ilhali saa inasema ni 2013, anaona kitu kilichotokea siku ambayo bado haijafika, na hilo peke yake linaweza kuzua malalamiko. Zaidi ya hapo, betri ikifa BIOS husahau mipangilio yake kila umeme unapokatika, pamoja na namna ya kuwasha na namna ya kuzungumza na diski. Ipo siku itakuandikia kwamba haioni mfumo wowote, ukaenda tena kwa fundi, naye akataka tena kufomati, kumbe ni kidonge tu. Weka betri mpya kabla hata ya hayo mengine, kisha ingia kwenye BIOS kwa F2 urekebishe tarehe. Ukiingia humo usibadilishe kingine. Kama kuna mpangilio wa diski unaoitwa AHCI, uache hivyo hivyo.

Umeuliza kama Linux haiwezi umeme wetu. Hapana, si kweli. Windows nayo ina daftari lake ndani ya mpangilio wa NTFS, nayo ikikatiwa umeme huweza kukaa muda mrefu ikikagua diski. Tofauti ni kwamba Kigoma mafundi wanaojua kuokoa Windows ni wengi na wanaojua Linux ni wachache, na hiyo ni sababu halali kabisa ya mtu wa biashara kuchagua. Sitakuhubiria. Kama wateja wako wengi wanaleta hati za Word zenye majedwali na LibreOffice, programu ya kuchapa ya Ubuntu, inakuvurugia kurasa, una haki ya kufikiria Windows. Lakini Windows ya kunakiliwa mtaani, iliyofunguliwa kwa programu za kuvunja leseni, kwenye kompyuta inayopokea flashi za watu wote wa mtaa kila siku? Hapo unaacha tatizo la siku moja kwa mwaka unachukua la kila wiki. Mimi ningebaki na Ubuntu, ningetafuta kijana mmoja anayeijua, na ningeweka namba yake ukutani.

Lini uache kujaribu mwenyewe? Ukisikia diski inagonga, tik, tik, tik, au inazunguka na kusimama, zima hapo hapo wala usiwashe tena kujihakikishia. Vivyo hivyo ukiona kwenye skrini mistari mingi yenye maneno I/O error, au jina la diski halionekani kabisa ndani ya BIOS. Au kama mpwa wako aliifunga diski kwa nenosiri la usimbaji; hapo lazima umpate yeye kwanza, maana bila nenosiri hilo hakuna fundi duniani atakayekufungulia. Na kama fundi alishafomati, usiandike kitu chochote kwenye diski hiyo. Kila faili jipya linaweza kukalia mahali pa la zamani.

Ukitafuta mtu, muulize maswali mawili kabla hujamwachia diski: je, unaweza kusoma ext4, na je, utanakili diski nzima kwanza kabla ya kutengeneza? Anayejua atakutajia ddrescue bila kufikiri, programu inayonakili diski mbovu ikianza na sehemu nzima na kuziacha zenye matatizo mwisho. Akikujibu kwamba hakuna haja, mshukuru uondoke na diski yako. Bandika karatasi juu yake: USIFOMATI, KUNA MAFAILI. Inaonekana kama utani lakini diski zinapita mikono mingi kwenye meza ya fundi. Hapa mkoani utapata watu wa kutosha kwa matatizo ya mpangilio wa mafaili. Lakini diski iliyoharibika kimitambo, ile inayogonga, inahitaji kufunguliwa kwenye chumba maalumu kisicho na vumbi. Mtu akitaka kuifungua kifuniko mezani kwake, mkatalie. Huduma hiyo ni ghali na haina uhakika, kwa hiyo kabla ya kuisafirisha diski popote kaa chini uandike ni mafaili gani hasa yanastahili gharama hiyo.

Na huenda orodha ikawa fupi kuliko unavyodhani. Wewe ni mtu wa steshenari: ripoti za wanafunzi uliwatumia kwa WhatsApp au barua pepe, mitihani walimu waliondoka nayo kwenye flashi, kadi za harusi zimo kwenye simu za kamati. Anza kuulizia leo, wakati unasubiri flashi. Kwa kikoba, kama katibu ana daftari la mkono, hesabu zinaweza kujengwa upya hata mambo yakienda vibaya.

Kompyuta ikisharudi, nunua UPS. Ndogo ya VA 650 itakupa dakika chache tu, zinazotosha kuhifadhi na kuzima. Chomeka humo kompyuta na skrini peke yake. Printa ya leza na mashine ya fotokopi zisiguse UPS, zinavuta umeme mwingi kwa mpigo mmoja na zitaiangusha au kuiua. Umeme ukikatika na UPS ikaanza kulia, zima, chomoa ukutani, na usichomeke mpaka umeme uliorudi utulie. Diski ya kuzunguka ukipata nafasi ibadilishe kwa SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka. Haitakulinda na kukatika kwa umeme, ila utapata kasi na utaondokana na kifaa kilichochoka. Na ile diski ya nje uliyonakilia usiirudishe kwa mwenyewe kama uliiazima, nunua yako. Kila Ijumaa jioni ukifunga hesabu, nakili, kisha ichomoe uende nayo nyumbani.

Ukifanya fsck na ikapona, halafu ujumbe uleule ukarudi ndani ya wiki mbili bila umeme kukatika, usiifanyie tena. Diski hiyo imekwisha, ibadilishe.